Nyumba Ni Miti

Watu wa vilima vya juu ya Keringet walisema Chelagat hajui kukaa, na hawakukosea. Akikaribishwa chai aliinywa amesimama. Kanisani alikaa mwisho wa benchi, karibu na mlango, na mahubiri yakirefuka ungemwona macho yameelekea dirishani na kisigino kinapigapiga sakafu. Miaka kumi na tisa alikuwa amefanya kazi kwenye mashamba ya maua upande wa Ndabibi, mingi kati ya hiyo akiwa supavaiza wa chumba cha kufungia maua, kazi ya kuzunguka meza hadi meza tangu alfajiri. Kampuni ilipopunguza watu, alirudi kwao na sanduku moja, godoro, na miguu isiyojua kupumzika.

Lakini kwao sasa kulikuwa kwa mdogo wake. Weldon ndiye aliyebaki nyumbani na wazazi. Mama yao alikuwa amefariki zamani, na baba yao, mzee Kibii, alifariki Februari, miezi minne kabla Chelagat hajarudi. Weldon na mkewe Zeddy walimpokea vizuri. Walihamisha magunia ya viazi wakampa kile chumba cha stoo, Zeddy akatundika pazia jipya, watoto wakawa wanamwita senge, yaani shangazi, na kumletea maji ya kunawa. Hakuna aliyemnyima kitu. Hata hivyo, kila alipotaka sufuria aliuliza kwanza, na kila akiuliza Zeddy alimjibu, "Hata hiyo ni ya kuuliza?" Kesho yake aliuliza tena.

Kilichomtafuna hasa kilikuwa ile Februari. Mzee alizidiwa wiki ya maua ya Valentine, wiki ambayo shambani hakuna mtu anayepewa ruhusa hata akiwa anatoka damu. Weldon alipiga simu Jumatatu akasema mzee anamwita. Chelagat akaomba ruhusa, akanyimwa. Akaomba tena Jumatano, akaambiwa asubiri lori la mwisho liondoke. Alifika nyumbani Ijumaa saa kumi alasiri na kukuta wanawake wamejaa jikoni, na hakuhitaji kuambiwa. Mzee alikuwa ameaga saa nne asubuhi. Maneno aliyomwachia aliyapata kwa Weldon, wamesimama kando ya zizi, mdogo wake akiangalia ng'ombe badala ya kumwangalia yeye. Mzee amesema ile miti ya saiprasi ni yako, alimwambia. Basi.

Miti hiyo mzee aliipanda mwenyewe kwenye mteremko unaopakana na msitu wa serikali, miaka kumi na saba iliyopita, na sasa ilikuwa mirefu na imenyooka, magome yake yakichanika nyuzinyuzi. Chelagat alikuwa na mazoea ya kwenda kutembea katikati yake kila alipoishiwa na pa kwenda. Wapasua mbao wa Keringet walishakuja mara mbili kuulizia. Weldon alimwuliza anangoja nini.

"Nitajenga nayo," alisema.

"Utaipasua mbao?"

"Hapana. Nitajenga na magogo yenyewe, mazima."

Weldon alicheka, si kwa ubaya. Alisema hizo ni nyumba za watalii. Chelagat akamwambia kwamba ni za mtu yeyote mwenye miti na mikono. Weldon alikuwa na haraka ya kwenda kupiga viazi dawa, kwa hiyo akamwambia ajenge tu, hukohuko kwenye miti yake, akijua kwamba kufika mwezi wa kuvuna atakuwa ameshachoka na kuita wapasua mbao.

Hakuwa amelitoa wazo hilo hewani. Kule Ndabibi, kando ya barabara ya kwenda kazini, kulikuwa na kambi ya wageni yenye vijumba vya magogo, na fundi aliyevitunza alikuwa mzee Omolo wa Nakuru, ambaye babu yake alikuja na kazi ya reli na hakurudi tena Nyanza. Siku zake za mapumziko, badala ya kulala kama wenzake, Chelagat alikwenda kumtazama Omolo akitoa gogo lililooza na kuingiza jingine. Alishangaa kuona ukuta mzima hauna msumari hata mmoja. Gogo lilishika gogo, kwisha. Omolo alimzoea, akawa anamwita supavaiza, na siku Chelagat alipoondoka Ndabibi alimpa namba yake ya simu.

Chelagat alichukua kibali kwa chifu, akanunua shoka na msumeno wa upinde, na mwezi wa saba akaanza. Siku ya kwanza aliangusha mti mmoja na akashindwa kufumba vidole jioni. Siku ya pili aliangusha mmoja. Wiki ya tatu akawa anaangusha miwili kabla ya saa sita. Alijifunza kuutazama mti kwanza unalalia upande gani, kuukata mdomo upande huo, halafu kuja nyuma na msumeno polepole mpaka asikie ule mlio wa ndani, kama mtu anayealisha vidole, ndipo akimbie. Miti ishirini na sita ilimpa magogo arobaini na manne, na kila moja aliliambua magome kwa panga butu mpaka likabaki jeupe na lenye utelezi kama samaki. Nguo zake zilinuka utomvu. Zeddy akafua mara mbili akakata tamaa, akamtengea beseni lake.

Kazi hiyo aliiweza. Kilichomshinda ni kungoja. Omolo alimwambia kwa simu kwamba magogo lazima yakauke miezi mitano, juu ya vipande vya mti ili yasiguse ardhi, na kwamba akiharakisha, ukuta utapindika. Miezi mitano! Chelagat aliyageuza magogo kila siku ingawa yalihitaji kugeuzwa mara moja kwa wiki. Alibeba mawe ya mtoni ya msingi, moja moja. Alipalilia viazi vya Zeddy, vya jirani yao Chepkurui, na vya kanisa. Siku moja alitembea hadi Molo na kurudi kununua patasi ambayo duka la Keringet lilikuwa nayo. Bintiye Kimberly, aliyekuwa akisomea uuguzi Nakuru, alimpigia simu jioni hiyo na kumwuliza kama yuko sawa. Alimjibu kwamba yuko sawa, ni miguu tu.

Omolo alikuja Januari na mfuko wa vifaa uliozidi mwili wake kwa uzito. Alikaa wiki mbili. Weldon alimpenda, wakawa wanaongea mpira kila jioni. Lakini mchana alikuwa wa Chelagat, na hakumhurumia. Alimwonyesha jinsi ya kupanga mawe bila saruji na kulaza magogo ya kwanza, kisha jinsi ya kukata pengo upande wa chini wa gogo la juu, ili likae juu ya lenzake kama mtu aliyepanda punda. Ukikata la chini, alisema, maji yatakaa humo na ukuta utaoza kabla hujazeeka. Mapengo ya kwanza ya Chelagat yalikuwa mapana mno, unaingiza kidole na kinacheza. Omolo alimfanya ayakate upya mpaka magogo mawili yakaharibika na kuwa kuni.

"Supavaiza, wewe unakimbia," alimwambia. "Hili gogo limekuwa hapa miaka kumi na saba. Haliendi popote."

Alipoondoka, kuta zilikuwa safu tatu. Zilizobaki Chelagat alizipandisha peke yake. Aliegemeza nguzo mbili ukutani kama ngazi iliyolala, akazungusha kamba chini ya gogo, akamfunga punda wa Chepkurui upande wa pili, na punda akivuta, gogo linabingirika kupanda nguzo polepole huku yeye akilifuata kwa mti wa kuzuia. Mara mbili lilirudi nyuma. Mara ya pili lilimchuna mguu kutoka gotini hadi kwenye kifundo, na akakaa chini kwa muda mrefu akitukana kwa lugha zote tatu alizozijua. Halafu akainuka akalipandisha tena. Mwisho wa Februari kuta zilikuwa safu nane, na kichwa chake hakikuonekana tena kutoka nje.

Alasiri moja ya mwezi wa tatu alikuwa ndani ya kuta hizo, ambazo bado hazikuwa na paa, na aligundua kwamba chai yake imepoa. Alikuwa amekaa kizingitini na kikombe mkononi, na kwa jinsi jua lilivyosogea, alikuwa amekaa hapo zaidi ya saa nzima bila kuwaza kitu. Alishtuka kidogo. Hakukumbuka mara ya mwisho hilo lilipomtokea.

Ndipo Weldon alipokuja.

Alianza na mvua, kwamba iko karibu. Akaja kwenye majani chai, kwamba mwaka huu watu wote wa upande huu wanapanda. Kisha akasema miche yake elfu kadhaa iko tayari kwenye kitalu, na kwamba amekuwa akiupigia hesabu mteremko huu, kwa kuwa miti ikishatoka hakuna udongo mzuri kama huu. Mpimaji wa ardhi alikuwa karibu kuja ili hati itoke kwa jina lake. Alisema alidhani nyumba itakuwa kibanda tu, kitu cha kupotezea mawazo. Hakujua kwamba itakuwa hivi. Alipokuwa akisema hivi aligusa ukuta kwa kiganja, kisha akautoa mkono.

Chelagat alimsikiliza mpaka mwisho. "Unaniambia nini, Weldon?"

"Miti ni yako. Mzee alisema, na mimi sikatai. Toa miti yako yote, sina neno. Lakini nyumba si miti."

"Nyumba ni miti," Chelagat alisema. "Angalia. Haina saruji. Haina msumari."

"Basi itoe."

"Nitaitoa."

Hakuna aliyepandisha sauti. Weldon alisimama kidogo kama mtu aliyetarajia ugomvi na hakuupata, kisha akashuka mteremko. Chelagat alimwaga ile chai baridi na kuanza kutafuta rangi.

Kesho yake asubuhi aliandika namba kwenye kichwa cha kila gogo kwa rangi nyekundu iliyobaki baada ya kupaka mlango wa choo: upande wa mashariki, safu ya nane, upande wa kusini, safu ya nane. Halafu akaanza kuyateremsha. Hakujua atayapeleka wapi. Omolo alimwambia ana nafasi nyuma ya karakana yake Nakuru, ayalaze huko hata mwaka mzima, na alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayetoa pole. Kimberly alikasirika. Alimwambia mama yake kwamba sheria inampa binti haki sawa na kijana, kwamba aende kwa wakili mjini Molo kesho, asiguse gogo hata moja.

"Nitamwambia nini wakili?" Chelagat aliuliza. "Mzee aliniita siku tano na sikuja. Alisema miti. Sikuwepo nimwulize kama ni miti tu."

Hilo ndilo lililokuwa jibu la kila kitu mwaka ule mzima: sikuwepo. Lilikuwa limemfunga mdomo Chelagat kuliko sheria yoyote, na lilimfanya ayateremshe magogo yale kwa kasi ya mtu anayelipa faini.

Siku ya tatu, safu mbili zilishakuwa chini zimepangwa kwenye nyasi. Chelagat alikuwa akilegeza gogo la safu ya sita aliposikia gumboti zikipanda mteremko. Alikuwa Weldon. Alisema Zeddy amemwambia hawezi kukaa nyumbani akinywa chai huku dada yake anashusha peke yake miti ya baba yao. Kwa kweli Zeddy hakumwambia. Alikuwa amemwekea gumboti mlangoni na kukataa kumpa kiamshakinywa, lakini hilo Chelagat alilijua baadaye.

"Shika upande ule," alimwambia.

Wakafanya kazi. Weldon alikuwa na nguvu lakini hakujua kazi, akawa anainua kabla ya wakati na kushusha kabla ya kuambiwa. Chelagat alimwelekeza kwa maneno machache. Walimaliza safu ya sita. Jua lilikuwa kali, nyani walikuwa wakilia ndani ya msitu, na hakuna aliyesema neno lisilohusu magogo. Walipolinyanyua gogo la kwanza la safu ya tano, lile refu la upande wa juu, wakalishika kila mtu mwisho wake, Weldon alisimama hapohapo.

"Hakusema miti tu," alisema.

Chelagat hakuelewa. Alimwambia asogee kushoto.

"Mzee. Hakusema miti tu. Alisema, 'Mpe Chelagat ile miti na pale inaposimama.' Alisema mara mbili. Pale inaposimama."

Gogo lilikuwa zito. Chelagat alihisi uzito wote ukimjia begani, ingawa Weldon hakuwa ameachia. Kitu cha kwanza alichokitaka ni kuachia mikono na liwe litakalokuwa, limwangukie mguu, limvunje. Alimwona mdogo wake upande wa pili, mwanamume mwenye mvi kidogo kidevuni, ambaye yeye Chelagat aliwahi kumbeba mgongoni akienda kuchota maji.

"Shika vizuri," alisema. "Usiachie. Teremsha."

Wakaliteremsha. Alilipanga sawasawa na mengine, namba ikitazama juu. Kisha akageuka, akavuka ua, akaingia msituni.

Alitembea kwa hasira kwanza, bila kuangalia njia, matawi yakimpiga usoni. Aliongea peke yake. Alimwuliza Weldon maswali na kumjibia, na kila jibu lilikuwa baya kuliko la kwanza. Alifika kwenye kijito, akakivuka, akapanda upande wa pili hadi kwenye mianzi, na huko hasira ikampungua kwa kukosa pumzi, na kitu kingine kikaja mahali pake. Mzee hakumwachia kuni. Alikuwa kitandani, anaishiwa na sauti, binti yake hayupo, na bado alimtafutia mahali pa kusimama, akasema mara mbili ili isipotee. Chelagat alikaa kwenye mzizi na kulia vile ambavyo hakulia kwenye mazishi, ambako alikuwa akizunguka kugawa sahani. Mbega waliokuwa juu ya mti walinyamaza wakamwangalia, kisha wakaendelea na shughuli zao.

Aliporudi ilikuwa yapata saa tisa. Weldon alikuwa bado yupo, ameketi juu ya magogo yaliyolala, kofia mkononi. Hakuwa ameondoka hata kwenda kula.

"Kwa nini?" Chelagat aliuliza. Hakukaa.

"Mimi ndiye nilikuwa hapa," Weldon alisema. "Miaka yote. Nilimwogesha. Nilimlisha kwa kijiko. Usiku akikohoa, ni mimi. Na siku ya mwisho nimemshika mkono, anafungua macho, anasema Chelagat. Mpe Chelagat. Mimi hata hakuniaga." Alipangusa uso kwa kofia. "Nikasema, basi atapata miti. Niliona inatosha. Halafu ukaja ukaanza kujenga, na kila siku nikipita hapa chini naona ukuta unapanda."

Chelagat alikuwa amejiandaa kwa uroho, kwa majani chai, kwa hati. Hakuwa amejiandaa kwa hilo. Alitazama kwingine.

"Utayasema hivyohivyo mbele ya watu," alisema.

"Watanionaje?"

"Watakuona."

Jumapili baada ya ibada waliitwa mzee wa kanisa, naibu wa chifu na Chepkurui, wakaketi sebuleni kwa Weldon. Weldon alisema yote akiwa amesimama, mikono nyuma kama mtoto wa shule, na hakuruka neno. Alipomaliza, Zeddy aliweka chini birika na kusema kwamba yeye pia alisikia. Alikuwa mlangoni na beseni la maji, alisikia "pale inaposimama" mara zote mbili, na amenyamaza miezi kumi na tatu kwa sababu alikuwa mke wa mtu. Alimwomba Chelagat msamaha kabla mumewe hajafikiria kuomba. Naibu wa chifu aliandika, wakatia sahihi. Watu walikunywa chai. Chelagat aliinywa amesimama dirishani, na safari hii hakuna aliyemhimiza akae.

Usidhani mambo yalinyooka siku hiyo. Kwa wiki tatu alimsemesha Weldon kuhusu magogo tu. Weldon alikuja kila asubuhi baada ya kukamua, na Chelagat hakumshukuru na hakumfukuza. Walirudisha safu ya tano, ya sita, ya saba na ya nane, namba kwa namba, na ilishangaza jinsi magogo yalivyorudi mahali pake kwa mlio mmoja mzito, kama mlango wa gari kubwa. Safu tatu za mwisho, zile ambazo hazijawahi kupanda, zilikuwa bado hazijakatwa mapengo. Weldon aliomba kujaribu. Alikata pengo lake la kwanza likawa pana, akamwangalia dada yake. Chelagat aliingiza kidole, kikacheza. Alimwambia alikate upya. Alipolikata upya likawa pana zaidi, na Chelagat akaangua kicheko kabla hajajizuia, na Weldon akacheka pia, akiwa amejaa vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Wakarudi kwenye kazi haraka, kama watu walioshikwa na kitu kisicho chao.

Mvua ilikuja kabla ya paa. Siku nne walikaa wakitazama maji yakimwagika ndani ya nyumba isiyo na kichwa, Chelagat akizunguka nje na turubai, akifunga huku, likifunguka kule. Siku ya tano kulikuwa na jua, na wakapigilia mabati kuanzia asubuhi mpaka giza likaribie, yeye juu, Weldon chini akimrushia misumari. Zeddy na Chepkurui waliziba nafasi kati ya magogo kwa udongo wenye samadi na majani makavu. Miche ya chai ilipandwa kwingine, kwenye kipande cha ng'ombe karibu na barabara, na ng'ombe wakahamishiwa nyuma ya nyumba.

Mwishoni mwa mwezi wa tano Chelagat alihamisha sanduku na godoro. Alidhani sasa atatulia. Wiki ya kwanza alibadilisha mahali pa kitanda mara nne. Alichimba shimo la takataka, akalifukia, akalichimba upande mwingine. Na zaidi ya hayo, nyumba yenyewe ilikuwa ikipiga kelele. Jua likipasha ukuta mchana, gogo moja lilialika ghafla kama fimbo inayovunjwa, na yeye akatoka mbio nje na kusimama kwenye nyasi, akiangalia kama inaanguka. Haikuanguka. Alimpigia Omolo. Omolo alicheka mpaka akakohoa. Alimwambia magogo bado yanakauka na kushuka, nyumba itazama vidole viwili au vitatu, na itachukua miaka miwili. Asiwe na wasiwasi, alisema, ila mlango na dirisha vitamsumbua.

Vilimsumbua. Jumamosi asubuhi, akitaka kwenda kuchota maji, mlango ulikataa kufunguka. Fremu ilikuwa imeshuka ikaubana juu. Alivuta kwa mkono mmoja, kisha miwili. Alikuwa akitafuta patasi aliposikia hatua nje, na sauti ya Weldon ikimwita kupitia mbao. Alikuwa amekuja kumwambia mpimaji anakuja Jumanne, na lazima wote wawili wawepo kuonyesha mipaka, kwa sababu hati zitakuwa mbili.

"Nitakuwepo," Chelagat alisema. "Sasa sukuma huu mlango. Umekwama."

"Nisukume kwa nguvu?"

"Sukuma tu. Mimi navuta."

Weldon aliweka bega. Mlango ulisogea kidogo, ukalia, ukakwama tena. Alimwuliza kama anaweza kupitia dirishani. Akamjibu kwamba hatatoka nyumbani kwake kwa dirisha kama mwizi, asukume tena, chini zaidi, karibu na bawaba. Alimsikia akijipanga upya, gumboti zikitafuta pa kukanyaga kwenye matope, na yeye akashika kitasa kwa mikono yote miwili na kuegemea nyuma.

"Haya," alisema. "Pamoja."